Kaa Aliyeziba Kisima

Ngoma za kwetu Marui zilipashwa kwa moto wa makuti kabla ya kupigwa, na harufu ya ngozi ya mbuzi iliyochanganyika na moshi ilitufikia watoto kabla ya mlio wenyewe. Msimu ule maji yalikuwa shida. Kisima kilikuwapo, ila mwenyekiti wa kitongoji alikizungushia uzio pamoja na mikorosho yake, akaweka kufuli. Mama zetu wakawa wanashuka bondeni kuchota maji ya madimbwi, na mdogo wangu akaharisha hadi macho yakaingia ndani.

Kaka Shabani, aliyekuwa amerudi kutoka Dar na suruali pana, alitunga wimbo wa kufokafoka akamtaja mwenyekiti kwa jina. Akaitwa ofisini kwa kashfa, akaomba radhi mbele za watu. Kufuli likabaki.

"Ukimtaja jina umempa kesi, baba," shangazi Mwajuma alimwambia. "Mwimbie kaa. Atajikuna mwenyewe."

"Kaa, shangazi? Si atacheka?"

"Acha acheke. Mkewe hatacheka."

Mdundiko, ngoma yetu ya kumtoa mwali, una sheria yake: mwali akitolewa, msafara hupita nyumba kwa nyumba, na neno lililoimbwa ngomani halipelekwi barazani. Anayekasirika ndiye anayejiaibisha. Siku mwali wa jirani alipotolewa, msafara ulisimama mbele ya uzio wa mwenyekiti, shangazi akaanzisha, wanawake wakaitikia: kaa kaziba shimo kwa gando, anakunywa peke yake. Hawakusogea. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua. Aliyeligangua alikuwa mke wa mwenyekiti. Alitoka na kanga kiunoni, akacheza katikati yao, ufunguo ukining'inia kidoleni. Mumewe alibaki mlangoni, akitabasamu kwa shida. Jioni ile tulichota.

Sasa naishi Kibaha, na bomba la mtaani kwetu limekauka. Binti yangu na wenzake wamelirekodia singeli, muziki wa kasi wa vijana, wakamtaja kiongozi wa mtaa waziwazi, jambo ambalo shangazi asingeliruhusu. Wimbo umesambaa kwenye simu hadi kwa watu wasiotujua. Juzi ulipigwa harusini, na kiongozi mwenyewe akaurukia, jasho likimtoka. Maneno yalikwenda mbio mno. Hakujua anaimbwa yeye.

"Mama, unamwona?" binti yangu aliniuliza. Akamfuata dijei, akamwomba azime mdundo, akashika kipaza sauti na kuimba polepole, neno kwa neno. Kiongozi aliacha kucheza. Bomba bado ni kavu, lakini hawezi tena kusema hajaambiwa.