Namba Mlangoni kwa Mama Kamili

Siku karani wa sensa alipochora namba ya chaki kwenye mlango wake pale kijijini Didia, mwaka 1967, Mama Kamili aliruka nyuma kama aliyeona nyoka. Tusimcheke, jamani. Kwake namba haikuwa jambo la kuhesabia kuku.

Neno lenyewe ni la Waingereza. Hesabu tulikuwa nazo tangu zamani, lakini namba ilikuja na wale walioandikisha vijana kwenda mashamba ya mkonge kule Tanga. Kijana alivishwa kibati shingoni, akaitwa kwa kilichochongwa pale, si kwa jina alilopewa na babake. Watu wakawaita manamba. Nkwabi, baba wa mama huyu, aliondoka hivyo, kwa lori, binti yake angali anabebwa mgongoni. Kilichorudi ni kibati. Kule mkongeni hakuna aliyejua kwamba aliyezikwa aliitwa Nkwabi.

Karani, mwalimu kijana aitwaye Donatus, alisema atarudi kesho yake kuhesabu watu. Basi mama alipowaona wanakatiza kwenye shamba la pamba, yeye na Maduhu, balozi wa nyumba kumi, alimkamata mwanawe wa pekee, akamtumbukiza kwenye kihenge kilichobaki na mtama wa kufunika nyayo tu. Akamwambia asithubutu kukohoa.

Donatus alitoa shikamoo, akapewa kigoda, akauliza nani na nani walilala pale. Mama akajibu kwamba ni yeye peke yake, mumewe alishafariki.

"Na Kamili je?" Maduhu akauliza, akicheka. "Au tunakuita Mama Kamili bure?"

Ulimi wa mama ukamtangulia.

"Kamili alikufa."

Kicheko cha Maduhu kikakatika. Asubuhi ile ile Kamili alikuwa amemwamkia njiani, akiswaga mbuzi. Lakini nani abishane na mama juu ya kifo cha mwanawe? Donatus akampa pole, wakaondoka.

Mama akakimbilia kihengeni. Humo hamkusikika hata kikohozi. Alifunua kifuniko, akamkuta mtoto amejikunyata, macho yamemtoka, wala hanyooshi mikono atolewe.

"Mama," akanong'ona, "nimekufa lini?"

Hapo hofu ya kibati ikamezwa na nyingine kubwa zaidi. Alimnyakua, akatoka naye mbio, vumbi la mtama limewajaa kichwani wote wawili, akawakuta wageni uani kwa jirani.

"Mwalimu, huyu hapa. Nilidanganya. Lakini andika jina kwanza. Hiyo namba yako ije baadaye."

Donatus hakumkaripia. Aliandika, akasoma kwa sauti: Kamili. Mama akamwomba asome tena. Akasoma tena.

Chaki ile ilikaa mlangoni mpaka mvua ilipoifuta. Yeye hakuthubutu kuigusa. Na kwa muda mrefu, kila lori liliponguruma barabarani, alimwita mwanawe kwa jina, akazuia pumzi mpaka asikie, "Naam, mama."