Shemeji Yangu na Robo Tatu ya Utepe

Shemeji yangu, mume wa dada, alifundisha hesabu darasa la sita kwa miaka ishirini na sita, na miaka yote hiyo wanafunzi walimwita Geuza. Jina alijitafutia mwenyewe. Kugawanya kwa sehemu, kwake yeye, kulikuwa na wimbo mmoja: acha ya kwanza, geuza ya pili, zidisha. Mimi nafundisha lugha darasa la jirani, ukuta wetu ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo wimbo huo nimeumeza bila kutaka.

Mtaala mpya ulipoingia, walimu wa hesabu waliitwa semina ya siku tatu. Wakaambiwa mtoto asikaririshwe, ajadiliane na wenzake, aeleze jibu limetoka wapi. Shemeji akarudi na kitabu kipya kwapani, akapanga madawati kwa makundi. Nikasema moyoni, haya, mzee kabadilika. Wapi! Aliligawia kila kundi zamu yake ya kuimba. Zamani nilisikia wimbo mara moja. Sasa nikausikia mara saba kwa kupokezana.

Siku moja msichana mfupi wa kundi la dirishani akauliza, "Mwalimu, kwa nini tunageuza?"

"Kwa sababu ndiyo kanuni."

"Kitabu kinasema tueleze sababu."

"Kaa chini."

Nilimkasirikia shemeji sana. Wakati wa mapumziko nikamvaa: mtoto kauliza swali la maana, unamkalisha chini kama mkosaji? Akanitazama, akasema polepole, "Shemeji, mimi mwenyewe sijui. Hakuna aliyewahi kuniambia."

Wiki hiyohiyo mkuu wa shule alimwita ofisini. Jumatatu mkaguzi angekuja kuangalia somo lake. Likikataliwa, darasa angepewa mwalimu mwingine, naye angemalizia miaka yake mitatu iliyobaki akigawa vitabu stoo. Mtu ambaye hata akiwa na homa alikuja na chaki mfukoni! Alikosa hamu ya kula, nami hasira zangu zikaniisha.

Jumamosi asubuhi nilikuwa kwao. Dada ni fundi cherehani, na alikuwa amekunjua kitambaa cha mita tatu mezani.

"Foronya moja inakula robo tatu ya mita," akasema. "Zitatoka nne."

Shemeji akachukua kalamu, akageuza, akazidisha. Nne. "Umegeuza saa ngapi?"

"Nigeuze nini, baba watoto? Kila mita ina robo nne. Mita tatu, robo kumi na mbili. Foronya moja inachukua robo tatu. Basi zigawe tatu tatu."

"Kwa hiyo umezidisha kwa nne, ukagawanya kwa tatu."

"Kama unataka kuiita hivyo, iite."

Akakaa kwenye kiti cha wateja, kalamu mkononi, kama mtu aliyeonyeshwa chumba ambacho hakujua kimo nyumbani mwake. Kisha akaomba utepe, rula ya mita na mkasi. Dada akampa vyote, ila mkasi mzuri akauficha.

Jumatatu niliwapa wanafunzi wangu insha ndefu, nikaweka jicho kwenye tundu la msumari. Sioni haya kulisema. Mkaguzi alikuwa nyuma ya darasa na faili lake. Shemeji akaligawia kila kundi utepe wa mita mbili. "Kateni vipande vya robo tatu ya mita. Vinatoka vingapi? Nataka na sababu."

Wimbo haukusikika. Zikasikika kelele za kubishana. Kundi la mlangoni, lililotumia kanuni, likapata viwili na theluthi mbili. Kundi la dirishani, lililotumia mkasi, likapata viwili na nusu, na hiyo nusu mita iliyobaki walikuwa wameishika mkononi.

"Mwalimu," mkaguzi akasema, "jibu sahihi ni lipi? Waambie."

Nikafumba macho. Nilimjua shemeji: angegonga ubao, angeimba.

"Naomba tuwasubiri, mheshimiwa," shemeji akasema.

Tukasubiri. Yule msichana mfupi akachukua kipande kizima, akakikunja sehemu tatu sawasawa, akakikunjua, akalaza masalio juu yake. Yalifunika sehemu mbili kati ya tatu.

"Hii ni nusu ya mita," akasema. "Lakini ni theluthi mbili ya kipande. Na tumeulizwa vipande."

Darasa zima likalipuka, hata waliokosea wakapiga meza. Mkaguzi akasimama. "Mwalimu, hilo ulimfundisha wewe?"

"Hapana. Hilo nimelijua sasa hivi, pamoja na wewe."

Nikajua stoo imempata. Mkaguzi akaandika mistari mirefu, akafunga faili, akasema kwa sauti ambayo hata bila tundu ningeisikia: darasa libaki na mwalimu wake, na Ijumaa walimu wa shule za jirani waletwe hapa waone.

Nilikimbilia nje nikaacha insha zangu. Nilimkuta ameegemea ukuta, machozi yanamtoka, anacheka.

"Miaka ishirini na sita, shemeji," akasema, "na leo ndiyo mara ya kwanza darasa langu limenishinda."