Mkono Mwepesi wa Revelian

Akina mama wa Yombo walimpenda Revelian Kamugisha kwa kuwa watoto hawakulia sana mkononi mwake. Alikuwa mchanjaji wa serikali, Mhaya aliyeletwa pwani miaka ya vita vya Hitla, ndui ilipokuwa ikitambaa vijijini nje ya Dar es Salaam. Alipanga chumba Temeke. Mkewe, Auleria, alikuwa amerudi kwao Bukoba baada ya mtoto wao wa pekee kufa kwa surua, na barua zake zilikuwa za salamu tu. Tangu hapo Revelian aliamka, akavaa kaptura yake ya kaki, akapanda baiskeli, akaenda kazini. Watu walimwita mpole. Kwa kweli hakuna lililomfikia.

Kazi yenyewe alifundishwa vizuri. Mkono wa mtoto unaoshwa, unakaushwa. Tone la dawa linawekwa juu ya ngozi, na sindano inakwaruza papo hapo. Kisha mkono unaachwa wazi mpaka ukauke wenyewe. Hapo ndipo watoto walipoangua kilio. Siku moja mama mmoja alitoa kichupa cha mafuta ya nazi, kwani pwani mchubuko hauachwi mkavu, akaomba mwanawe afutwe apakwe. Revelian alichovya pamba, akafuta, akapaka. Mtoto akanyamaza. Mama aliyefuata akataka vivyo hivyo, na muda si mrefu wote wakawa wanakuja na vichupa vyao.

Mwenzake Marijani, mzaliwa wa Mtoni, hakufuta mtu. Aliwabana watoto magotini, akakwaruza, akaita mwingine. Siku alipopita Yombo na kuona vile vichupa, alicheka.

"Wewe Mhaya, unachanja watoto au unakaanga samaki?"

Revelian alimjibu kwamba wakilia, kesho mama zao hawatawaleta.

Baada ya wiki mchanjaji hurudi kutazama mikono. Chanjo iliyoshika huota kipele chenye usaha, na mtoto hupata homa kidogo. Upande wa Marijani watoto walikuwa na vipele. Yombo mikono ilikuwa laini kama siku ya kuzaliwa. Mganga mkuu Mwingereza alisema dawa imeungua na jua njiani. Lakini Revelian alijua kwamba yeye na Marijani waligawana dawa ya kisanduku kimoja, asubuhi moja. Usiku ule alikula ugali wake, akalala. Asubuhi alikwenda kumweleza yule mganga habari ya pamba na mafuta. Mganga akamwambia akawachanje wote upya.

Alichelewa. Ndui ilikuwa imeshaingia Yombo.

Nyumba ya kwanza aliyopiga hodi ni ya Hamisa, mke wa mkata kuni, ambaye kila Revelian alipopita alimpa dafu. Mwanawe Salumu alichanjwa pamoja na wale wa vichupa. Mdogo wake, Mwanabaraka, hakuchanjwa, maana walikuwa bado ndani ya arobaini na mtoto hatolewi nje. Hamisa alifungua mlango nusu. Macho yake yalikuwa mekundu.

Alisema Salumu ana homa tangu juzi na vipele vimemtoka usoni, lakini haina neno, si ameshachanjwa? Wenzake walichanjwa na Marijani wakaumwa wiki nzima. Wake hakuumwa hata kidogo.

Revelian alimwambia kwamba kutoumwa kule ndiko kulikokuwa kubaya.

"Kwa hiyo siku ile ulimfanya nini mwanangu?" Hamisa aliuliza.

"Nilimfuta, mama Salumu. Dawa yote nikaifuta."

Hamisa aliegemea mlango. Revelian aliisikia sauti yake mwenyewe ikiendelea kueleza, taratibu, kama anayesoma tangazo: yule mdogo akichanjwa leo huenda akasalimika, akingoja, hapana. Alishafungua kisanduku chake.

"Si wewe," Hamisa alisema. "Mie nataka yule mwenzio mwenye mkono mzito."

Revelian alifunga kisanduku, akapanda baiskeli kwenda Mtoni. Alimkuta Marijani barazani, naye akasikiliza kisa chote bila utani, akachukua vyombo vyake. Hamisa alimpisha ndani. Revelian alibaki uani karibu na kinu. Mtoto alilia sana, akalia tena, na hakuna aliyembembeleza kwa mafuta. Revelian alingoja aone kama kilio kile kitamgusa popote. Kilipita.

Salumu alikufa Alhamisi, akazikwa siku hiyohiyo. Revelian alisimama nyuma ya wanaume, kofia mkononi. Aliendelea kuchanja Yombo yote, nyumba kwa nyumba, na watoto wakalia, na baadhi ya mama wakamfungia milango.

Wiki ilipotimia alirudi kwa Hamisa, kwa kuwa kutazama mikono ilikuwa zamu yake. Hakupiga hodi; alisimama uani. Hamisa alitoka na Mwanabaraka begani, akakunja kanga pembeni, akauacha mkono wa mtoto wazi. Kipele kilikuwa kimevimba, kimezungukwa na wekundu.

"Imeshika," Revelian alisema.

Hamisa aliufunika mkono, akaingia ndani.