Safu ya Mke wa Pili

Miaka ya tisini, mwenyekiti wa chama chetu cha mazishi pale Barking alikuwa na kompyuta kubwa, na kichwa kikubwa zaidi. Wanachama wote kawatia kwenye jedwali moja. Kila mstari ni mwanamume. Mbele ya jina lake safu nne: Mke 1, Mke 2, Mke 3, Mke 4. London hii! Watu tunabanana flati za vyumba viwili, wake wanne mtu atawaweka wapi, kwenye kabati la boila?

Mimi nikifanya kazi ya kuhudumia wazee, na jioni nasomea kompyuta chuoni. Nikamwambia kwa adabu zote: "Sheikh, hivi sivyo. Kinachojirudia hakipangiwi safu, kinatengewa jedwali lake. Chuoni kanuni hiyo tunaiita umbo sanifu la kwanza, mengine yanafuata hapo. Habari ya mtu ikae kwenye mstari wake mwenyewe, isining'inie kwa mwenzake. La sivyo, siku ukimfuta mume, na mke kaondoka."

Akacheka mbele ya kamati. "Binti, umri wote huu hujapata hata safu moja, leo unanifundisha mimi safu?" Wakaangua kicheko. Baba yangu alikuwamo kwenye kamati ile. Akatazama viatu vyake.

Baba akafa. Mwenyekiti akamfuta hata arubaini haijafika, bidii iliyoje! Mama alipomaliza eda akaenda kuuliza habari za chama, akaambiwa hayumo.

"Simo vipi? Miaka yote nimo!"

"Ulikuwamo kwa mumeo, mama."

Mama alikuwa na hofu moja tu katika nchi hii: kuzikwa na kaunsili, serikali ya mtaa, kama mtu asiye na kwao. "Wanizike watu wangu," akisema, "na nitajwe kwa mume wangu." Hakutaka zaidi ya hayo.

Kumwingiza peke yake kukashindikana. Mstari bila jina la mwanamume ulikuwa haukubali, na mimi sina kaka. Mwenyekiti akakuna ndevu, kisha akamtia kwenye mstari wa ami yangu, mdogo wake baba. Safu iliyokuwa tupu? Mke 2.

"Ni mambo ya kompyuta tu," akasema. "Hakuna mahari hapo."

Karatasi ikachapishwa, ikabandikwa mlangoni pa ukumbi. Mke wa ami akaisoma. Lo! Simu zikalia kutoka Barking mpaka Rayners Lane. Mama yangu, aliyemkanda na kumpikia uzazi wake wote, akaitwa mke mwenza harusini, mbele za watu: "Eda imekwisha jana, leo keshahamia!" Mama akachukua mkoba wake. Alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu vyake. Tangu siku ile hakwenda harusi wala hitima. Nilimchukia yule mwanamke, na namchukia bado, sina sababu ya kusema uongo.

Kila nikimwendea mwenyekiti, jibu moja: "Nitarekebisha, inshallah." Inshallah yake ikamfikisha mama kaburini.

Tangazo lilisomwa msikitini kama lilivyotoka kwenye kompyuta ile ile, likatufikia wanawake kwa spika: "Amefariki mke wa pili wa..." na jina la ami. Mke wa ami alikuwa amekaa mbele yangu. Akaguna, "Ehee! Si nilisema?" Mama alizikwa na watu wake, kweli. Lakini alitajwa kwa mume wa mtu.

Kesho yake nikapanda ngazi za ofisi. "Mtoe," nikamwambia mwenyekiti. "Sasa hivi, nikiona."

Safari hii aliona haya. Akalitafuta jina la mama, akalichagua, akabonyeza. Jedwali lile halikujua kumtoa mke, lilijua kutoa mstari. Nikamwona ami anaondoka, na Mke 1 wake kaondoka naye. Mwenyekiti, miwani puani, hakuona kitu.

"Haya, binti. Yamekwisha."

"Ahsante, sheikh," nikasema, nikashuka ngazi.

Mke wa ami ana sukari, na moyo wake nao mbovu. Mpaka leo anadhani yumo.