Mwaka Tekla Alipohamia Ngerengere

Asubuhi za masika, kule mlimani juu ya Bigwa, zilinukia majani ya karoti. Mama alizing'oa mapema, umande ukiwa bado kwenye matuta, na harufu ile kali yenye utamu ilipenya dirishani tukiwa mimi na dada yangu Tekla chini ya blanketi moja. Tekla ndiye aliyeamka. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mimi tisa. Alibeba beseni hadi kijitoni, akaosha karoti, akazifunga mafungu, kisha akateremka na Mama sokoni mjini. Mimi niliachwa nilale. Nilizaliwa na kifua kibovu mwaka uleule Baba alipofariki, na Mama aliniogopea kama mshumaa kwenye upepo. Yai likipatikana, langu. Paja la kuku, langu. "Mdogo wako mgonjwa," ndilo jibu alilopewa Tekla, hata baada ya mimi kupona nikawa naparamia mipera kama ngedere. Mama alipenda kusema kuwa ng'ombe haelemewi na nunduye, akimaanisha sisi wawili. Lakini aliyebebwa nilikuwa mimi.

Kwaresima ya mwaka ule nilikuwa najiandaa kwa komunyo ya kwanza, na Mama alinishonea gauni jipya jeupe lenye lesi shingoni. Tekla, zamu yake ilipofika, alikuwa ameazimiwa gauni la jirani. Aliigusa lesi ile kwa ncha za vidole, akasema tu, "Zuri, Anje. Usilichafue." Siku mbili baadaye nililivaa kwa siri, nikaenda kujitazama kwenye maji ya kijito, nikateleza. Udongo mwekundu wa kwetu hautoki kwenye nguo nyeupe. Nililikunja, nikalisukuma chini ya kitanda, upande wa Tekla.

Mama alipolikuta hakuuliza. "Tekla! Wivu umekufikisha hapa?" Tekla alinitazama. Hakunitaja, alisubiri niseme mwenyewe. Nikainamisha kichwa. Fimbo ilipoanza, nilihesabu vifaranga uani ili nisisikie.

Jumamosi iliyofuata katekista wetu alitusimulia habari za Yusufu na kanzu aliyopewa na baba yake, akauliza nani alikosea. "Kaka zake!" tukaitikia kwa pamoja. Mzee yule akatikisa kichwa. "Walikosea, ndiyo. Lakini ugomvi ule ulishonwa na nani?" Nikalikumbuka gauni langu. Hata hivyo, nilipokwenda kuungama nilitaja kila dhambi isipokuwa ile, na siku ya Pasaka nikapokea Mwili wa Bwana nikiwa nimeificha moyoni.

Jumatatu ya Pasaka alikuja mjomba, kaka yake Mama, aliyefanya kazi reli kule Ngerengere. Aliona alama miguuni mwa Tekla. Hakugombana na mtu. Kwetu Waluguru neno la mjomba ni zito. "Dada," alimwambia Mama, "huyu nitakwenda naye." Tekla alifunga nguo zake kwenye kanga, akateremka mlima bila kugeuka nyuma. Wiki ile blanketi lilikuwa langu peke yangu, na sikupata joto.

Siku ya tano nilimfuata Mama bustanini, nikamwambia yote. Alikaa chini, palepale juu ya miche. Hakunipiga. "Kumbe nimewaharibu nyote wawili," alisema. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Nadhani ndipo alipoona alichokuwa akikilea ndani yangu.

Kesho yake tulipanda basi hadi Ngerengere. Mbele ya kaka yake, Mama alimpigia magoti mtoto wake. "Mwanangu, nilikuonea. Sikukuuliza kwa sababu sikutaka kujua. Nisamehe."

"Nimekusamehe, Mama," Tekla alisema huku analia. "Inuka, utachafuka."

"Dada, ni mimi niliyelichafua," nikasema.

"Najua. Nilikuwa nakungoja."

Lakini hakurudi nasi. Alisoma kulekule, akaolewa kulekule. Alipokuja likizo Mama alitugawia kila kitu sawa kwa sawa. Ila Tekla alikuwa mgeni: aliomba maji ya kunywa badala ya kujichotea.

Sasa Mama amelala katika Bwana, nami nakaa mjini na wanangu wawili. Mungu hana upendeleo. Mimi moyo huo sina, na mmoja wao, nakiri, ni rahisi zaidi kumpenda. Juzi sahani ilivunjika jikoni, nikamgeukia mkubwa mdomo ukiwa tayari wazi. Nikaufunga. Nikawaita wote wawili, nikauliza, nikasubiri.

Tekla hunipigia simu Jumapili baada ya misa. Tunapendana kweli. Lakini ana miaka mingi ya utoto ambayo aliiishi na watu wengine. Akikumbuka kituko cha shoga yake wa Ngerengere huangua kicheko, nami hucheka naye, ingawa shoga huyo simjui.