Jumatatu za Manowari

Bibi yangu alifunga kila Jumatatu, tangu Unguja hata tulipohamia Ibra, Omani, miaka ya sabini. Kufunga Jumatatu ni sunna, basi nani angemuuliza? Sisi wajukuu tulimtania kwamba yeye Peponi ataingia bila kupiga hodi.

Sukari ndiyo iliyomfichua. Jumatatu moja alianguka jikoni, na daktari akamwambia wazi asifunge tena, saumu itamuua. Jumatatu iliyofuata akafunga. Babu akaja juu, akamuuliza ni sunna gani hiyo ya kujiua. Mimi nilikuwa nimeshika sahani ya tende, namsihi ale japo moja.

"Si sunna," bibi akasema. "Ni nadhiri, bwana. Siachi mpaka manowari yako iingie baharini."

Nilidhani sukari imempanda kichwani. Lakini babu aliganda.

Kumbe wakati wa vita vikuu vya pili babu, aliyekuwa baharia, alikwama Uingereza akapata kazi ya kujenga manowari ya kubebea ndege. Akampelekea bibi salamu kwa baharia mwenzake kwamba hatarudi mpaka meli ile ishushwe majini. Bibi akaweka nadhiri, akaificha: atafunga kila Jumatatu mpaka ishuke. Babu alirudi vita vilipokwisha, lakini kila akiulizwa habari za meli alijibu kwa ukali kwamba ya kale hayanuki. Bibi akanyamaza, akaendelea kufunga, huku akingoja siku atakayosikia kwamba imeshuka.

"Haikushuka," babu akasema. "Vita viliisha haijamalizika, wakasema haina kazi tena. Tukaamrishwa kuikata vipande, sisi sisi tulioijenga. Niliona haya kukwambia."

Nilikaa chini na sahani yangu. Zaidi ya miaka thelathini! Amezaa, amelea, amehama nchi, na njaa ile yote ilikuwa ya meli iliyokwisha kuuzwa chuma chakavu. Nilimkasirikia babu hata nikaogopa hasira zangu mwenyewe.

Bibi hakulia. Alimtazama babu kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Ilikatwa kabla hujarudi?"

"Kabla."

Tende hakuzigusa. Alisema leo ameshatia nia, saumu yake ataimaliza.

Jumatatu iliyofuata, asubuhi, alimimina kahawa finjani mbili, akakaa mbele ya babu, akainywa yake taratibu mpaka ikaisha. Ya babu ilipoa pale pale mkekani.