Mwezi Ulioandama Kimbiji

Asubuhi yao ya mwisho ya kawaida, Mwanakombo alikuwa uani anachambua mchele wa Idd. Mumewe, Twaha, alikaa kizingitini anafunga mpini wa jembe. Ilikuwa Ramadhani ishirini na tisa, midomo imekauka, na umri nao umeshakwenda. Siku chache baadaye homa ilimlaza Mwanakombo, hakuinuka tena. Kwa hiyo Twaha kabaki na kumbukumbu ya asubuhi ile.

Hapa Kimbiji mkewe alijulikana kwa macho. Mwezi ukitafutwa, anaitwa yeye. Akisema umeandama, Shehe Suleiman wa msikitini haulizi mara mbili. Wajane walimjia wajue eda zao zimefika wapi.

Ila miaka hii mbingu zilimchosha. Magharibi ikiingia tu, taa zinapita zimefuatana kama siafu. Mtoto wao Hija, kibarua wa Kurasini, alimweleza kuwa zile ni setilaiti, watu wanazirusha kila leo, huko juu kumejaa mpaka zinagongana. Zilizokufa na vipande vyake hakuna anayeviondoa. Vinazunguka tu, vingine vinaanguka vikiungua. Mwanakombo akataka kujua nani kawapa ruhusa. Hija akacheka, akamwambia, mama, kule hakuna mjumbe wa nyumba kumi.

Jioni ya siku ile yeye na Twaha walisimama kwenye uwazi wa shamba, majirani nyuma yao. Jua likazama. Juu ya mikorosho kikatokea kitu chembamba, cheupe, kimepinda. Mwanakombo akasema ameuona. Vijana wakatimua mbio kumwambia shehe, wanawake wakapiga vigelegele. Salma, jirani yao, akaenda kuwasha jiko.

Twaha alishageuka kurudi nyumbani. Akaona mkewe hajaondoka. Akamfuata, wakatazama pamoja. Kile cheupe kilikuwa kinapanuka. Kikawa kama mkia, kikakatika vipande, vikafifia.

"Dude la kina Hija hilo," Mwanakombo akasema.

Twaha hakuona haja ya kurudisha neno. Mwezi labda upo, mawingu tu. Na kesho watu wapate kula, wapumzike. Alichoka, alitaka kukaa. Akamwambia waende wakafuturu. Mwanakombo akafunga kanga vizuri, akashika njia ya msikitini.

Salma akamwona anapita, akajua anakwenda kukanusha mwezi.

"Bi Mwanakombo, kama macho yamezeeka si ukae kimya? Mie nguo za watoto nishapiga pasi."

Mwanakombo akampita. Twaha akawa nyuma yake, magoti yanamuuma, anamwonea huruma. Jina lake lote lilikuwa kwenye macho yale. Akirudisha neno leo, nani atamwita tena mwezi mwingine?

Msikitini wanaume walikuwa wamejaa barazani, kokwa za tende bado mikononi. Shehe Suleiman alikuwa na simu, anataka kuwapigia wakubwa wake kwamba Kimbiji wameuona. Mwanakombo akasimama chini ya ngazi, akatoa salamu. Akamwomba asipige kwanza. Mmoja akaguna. Shehe akashusha simu, akamuuliza kwa upole, bibi, si umeuona mwenyewe?

Mwanakombo akavuta pumzi. Sauti yake haikuwa kubwa.

"Nilichokiona kimesambaa kama moshi, shehe. Mwezi hausambai. Ushahidi wangu naurudisha, na kesho mie nafunga."